Mpeasi na Mwangati: Tarikhi ya Miti ya Bustani katika Milima ya Usambara

Katika njia ipandayo kutoka tambarare ya joto ya Mombo, ikapita Soni hata ikafika Lushoto, hasa katika miezi inayofunga mwaka na ile inayoufungua, msafiri hulakiwa na watoto na akina mama walioshika ndoo na vikapu vya plamu, peasi na fyulisi, wakiyainua matunda hayo mbele ya madirisha ya basi kabla dereva hajapata wasaa wa kusimama. Na msafiri huyo akiinua macho juu ya vichwa vya wauzaji, nyuma ya nyumba zilizoshikamana na mteremko, ataona safu za miti ya namna nyingine kabisa, mirefu, iliyokoza ukijani hata ikakaribia weusi, isiyopukutisha majani kiangazi wala masika, nayo ni miberoshi, ambayo wenyeji wengi huiita mikrismasi. Miti ya namna hizi mbili, ya matunda na ya koni, husimama pamoja katika viwanja vingi vya milima ya Usambara, na mtu ajengaye nyumba mpya huko hana budi kuamua ni upi aupe nafasi iliyo karibu na mlango wake. Swali hilo laonekana dogo, la mtu na jembe lake siku moja ya mvua. Walakini lina tarikhi ya zaidi ya miaka mia moja, na katika tarikhi hiyo wameingia wafalme wa Vuga, wamisionari, serikali mbili za kigeni, wenye viwanda vya mbao, na wakulima ambao majina yao hayakuandikwa popote, ingawa miti yao ingali inazaa.

Kwa miti ya koni nakusudia ile jamii ya kale ya miti isiyo na maua ya kweli, ambayo aghalabu hubeba mbegu zake katika koni ngumu na kuvaa majani membamba ya sindano au majani madogo ya magamba: misonobari, ambayo watu wa misitu wa siku hizi huiita mipaina, na miberoshi, na mierezi, na ndugu zao. Wenyeji wa pwani hawakuwa na mti wa jamii hii katika viunga vyao. Mvinje wa ufukweni, ambao wengi huudhania kuwa msonobari kwa sababu ya vijiti vyake vyembamba na vitunda vyake vigumu, si wa ukoo huo hata kidogo. Ni mti utoao maua kama mwembe, na watu wa bahari waliutaka kwa milingoti na nguzo, wala hawakuutazamia chakula.

Juu ya mti wa matunda, hata hivyo, watu wa pwani walikuwa na maarifa ya zamani yaliyofungamana na ada na sharia kwa pamoja. Katika Tanga, Pangani, Mombasa na Unguja, mnazi au mwembe ulihesabika kuwa mali iliyo mbali na ardhi uliyosimama juu yake: mtu aliweza kumiliki miti bila kumiliki shamba, akaiuza, akaiweka rehani, akawaachia watoto wake katika mirathi, na mwenye udongo asithubutu kuinyoshea shoka. Wako walioiweka minazi yao wakfu, ili mapato yake yautunze msikiti baada ya wao kufariki. Na wafanyabiashara wa misafara walipofuata njia ya bara katika karne ya kumi na tisa, walichukua kokwa za maembe pamoja na shanga na nguo, wakazipanda penye vituo vyao, hata miembe ya Tabora na Ujiji ikawa alama ya kudumu ya mahali walipokaa watu wa pwani. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu dhana hiyo, kwamba mwenye kupanda mti wa kudumu amejipatia haki katika mahali, ndiyo tutakayoikuta tena juu milimani, ikiwa na sura nyingine na ugomvi mwingi zaidi.

Mhubiri Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipopanda kwenda Vuga mwaka 1848, na kukaribishwa na mfalme Kimweri ye Nyumbai aliyekuwa akitawala Usambara yote, aliikuta nchi ya migomba. Mgomba ndio uliokuwa mmea wa nyumbani kwa Msambaa. Uliizunguka nyumba, ukatoa chakula, kivuli, majani ya kuezekea na ya kufungashia, na kijiji kilijulikana kwa mbali kwa ukijani wake. Msitu ulikuwa juu na pembeni, na katika msitu huo, hasa upande wa kaskazini magharibi ambako mvua ni haba zaidi, juu ya Shume panapotazama mbuga za Mkomazi kutoka kimo kipatacho mita 1,900, ulisimama mti wa koni wa asili ya nchi yenyewe: mwangati, ambao Wakenya wanaujua kwa jina la mtarakwa. Pamoja nao ulikuwapo mpodo, mti mwingine wa jamii hiyo, mkubwa wa shina na mnyofu.

Mwangati unastahili kuelezwa kwa kituo, kwa maana watu wengi wa leo wanauona mberoshi kila siku na hawajapata kuuona mwangati hata mara moja. Ni mti mrefu, ambao ukizeeka shina lake hupata mabonde na matuta ya wima, na gome lake huchanika kwa nyuzi ndefu nyembamba. Majani yake ya ukubwani ni magamba madogo mno, na mahali pa koni kavu hubeba vitunda vidogo vya duara vyenye rangi ya samawati iliyofifia, ambavyo ndege huvila na kuzieneza mbegu zake. Kuna mti dume na kuna mti jike, na jike peke yake ndiye mwenye vitunda. Mbao yake ni nyekundu, ina harufu ya kupendeza inayodumu, hupasuka kwa unyofu, na mchwa hushindwa kuila. Kwa sababu hiyo nguzo ya mwangati iliyochimbiwa ardhini hukaa miaka mingi pale ambapo nguzo ya mti mwingine ingeoza upesi. Aibu yake ni moja tu, nayo ni polepole ya kukua: mtu aupandaye katika ujana wake hatauona katika ukubwa wake kamili. Yaelekea kwamba zama za Kimweri hapakuwa na aliyeona haja ya kuuleta mlangoni mti ambao Mwenyezi Mungu alikuwa ameujaza juu ya kilima.

Miti ya matunda ya nchi za baridi ilifika katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, pamoja na Wajerumani. Wamisionari wa Kiprotestanti walijenga kituo chao cha kwanza cha milimani huko Mlalo mwaka 1891; Watrapisti wa Kikatoliki wakafuata upande wa Gare; na mwaka 1896 serikali ya kikoloni ikafungua Kwai, katika Usambara ya magharibi, shamba la majaribio la kutazama ni mimea gani na mifugo gani ya Ulaya ingeweza kuishi katika nchi hii. Kijiji cha Lushoto kikapewa jina la kaisari wao, kikaitwa Wilhelmstal, na maafisa waliochoshwa na joto la pwani wakapanda huko kupumzika. Watu hao walikuwa na shauku ya chakula cha kwao. Mmisionari aliyekaa miaka bila kurudi Ulaya alitamani kuona ua la mpeasi, naye akatafuta miche, akaipanda nyuma ya nyumba yake ya mawe, akaizungushia ua. Hivyo bustani za misheni zikawa chimbuko la matunda ambayo leo watu hudhani yamekuwapo Lushoto tangu dahari.

Mpeasi, mplamu na mfyulisi ni miti yenye desturi ya kulala. Katika nchi zao hupukutisha majani yote majira ya baridi, ikakaa mikavu kana kwamba imekufa, na baridi hiyo ndiyo inayoliandaa chipukizi la ua lifumuke kwa wakati wake. Mti ulionyimwa baridi huchelewa, huchanua kwa vipande, au hukataa kuzaa. Kwa hiyo mtu wa Tanga mjini akiupanda mpeasi kando ya mnazi wake hupata majani, wala hapati tunda. Lakini Lushoto, iliyo kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na zaidi vijiji vya juu vya upande wa Magamba, hupata katika miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi itoshayo kwa zile aina ambazo hazidai barafu wala theluji. Hakuna mahali pengi katika mkoa mzima wa Tanga ambapo jambo hilo lingewezekana, na kwa sababu hiyo tu bustani ya Msambaa ilipata bidhaa ambayo jirani yake wa tambarare hawezi kushindana nayo.

Jinsi matunda hayo yalivyotoka katika bustani ya misheni yakaingia katika kiwanja cha mkulima ni habari isiyoandikwa sana, lakini tabia ya miti yenyewe inatupa fununu. Mfyulisi hutoka katika kokwa, na huzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Mtoto aliyekula fyulisi njiani na kuitupa kokwa katika ukingo wa shamba aliweza kuwa mwanzilishi wa mti pasipo kujua. Mpeasi haukubali wepesi huo. Ukitoka katika mbegu hukawia miaka mingi, na tunda lake huenda likawa dogo, gumu, lisilofanana na la mamake. Atakaye peasi njema hana budi kubebesha, yaani kukata kitawi cha mti uliothibitishwa na kukipachika juu ya shina changa, kukifunga vizuri, na kungoja vishikane. Hiyo ni kazi ya mkono uliofundishwa. Waliofanya kazi katika bustani za misheni na mashamba ya walowezi waliijua, wakaichukua wakaenda nayo makwao, na kwa maoni yangu hao watumishi wa bustani, ambao hakuna kitabu kilichowataja kwa majina, ndio wastahili wa kwanza wa shukrani kwa kila kikapu cha peasi kinachouzwa Soni.

Wakati mti wa kigeni ukipokelewa mlangoni, mti wa asili ulikuwa ukishushwa kutoka mlimani kwa waya. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, kisha ikasonga mbele kuelekea Moshi, na mara tu ilipopita chini ya ukuta wa milima, mwangati wa Shume ukawa na soko. Viwanda vya kalamu za risasi vya Ulaya vilikuwa vikitegemea mti wa Marekani ulio ndugu wa mwangati, na mti huo ulikuwa umeanza kuadimika kwa kukatwa. Mbao ya mwangati, nyekundu, laini chini ya kisu, isiyopinda, ilifaa kwa kazi hiyo kuliko nyingi nyingine. Kampuni ya Kijerumani ya Wilkins na Wiese ikajenga kiwanda cha kupasua mbao huko juu, mahali walipopaita Neu-Hornow, na kwa kuwa hapakuwa na barabara ambayo gogo lingeweza kushukia, wakasimamisha kabla ya vita vya 1914 njia ya waya iliyoning'inia juu ya majabali, ikibeba mbao kutoka msituni hadi kituo cha reli cha Mkumbara. Wahandisi waliisifu kazi hiyo, nao walikuwa na haki ya kuisifu. Lakini mtu mwenye insafu atazame pia upande wa pili: miti iliyokua kwa karne kadhaa, iliyokuwa ikikamata ukungu na kulinda chemchemi za vijiji vilivyo chini, ilikatwa katika miaka michache ili wanafunzi na makarani wa ng'ambo wapate kuandika, na katika ukatwaji huo mwenye nchi hakuwa na kauli.

Vita vilipokwisha na Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza, idara ya misitu iliundwa na ikawa na ofisi yake Lushoto, na mabwana misitu wakakabiliwa na hesabu ngumu. Mwangati ulikuwa umepungua, na polepole yake haikuafikiana na haja ya serikali iliyotaka mbao za reli, za shule na za majumba. Wakautafuta mti wa koni ulio mwepesi wa kukua, wakaupata katika mberoshi wa Meksiko, ambao katika miinuko yetu huwa tayari kupasuliwa mbao kwa kiasi cha miaka 25 au 30, na baadaye katika mpaina wa Meksiko na ule wa California. Huko Shume na Magamba mkulima alipewa kipande cha msitu uliokatwa, akaruhusiwa kulima viazi na mahindi kati ya miche ya serikali, sharti aipalilie na kuilinda. Na baada ya miaka michache, vivuli vilipogusana na zao lake likakosa jua, aliondoka akaenda kutafuta kipande kingine. Mpango huo ulileta chakula kingi, wala sitaki kuudharau. Ila ulikuwa na jambo moja ambalo kila mkulima aliliona: aliupanda mti kwa mkono wake, akautunza kama alivyotunza mpeasi wake, na mti haukuwa wake.

Hapo ndipo zilipoachana njia za miti hii miwili katika fikira za watu. Mti wa matunda ulikuwa wa nyumba. Mti wa koni ukawa wa amri. Miberoshi ilipandwa kwa safu kuzunguka ofisi za bwana shauri, mahakama, shule, makanisa na nyumba za wageni wa serikali, ikakatwa kwa mkasi ikawa ukuta wa kijani usiopenyeka, na mtu aliyeitwa barazani kwa kesi ya kodi aliingia kwa kupita katikati ya safu hizo. Kwa muda mrefu ua wa miberoshi ulikuwa hadhi. Mwalimu au karani aliyejenga nyumba ya bati kijijini aliizungushia mikrismasi ili ijulikane kwamba ameona dunia. Na watu wa dini ya Kikristo walikata tawi la mti huo Desemba wakaliweka nyumbani, na desturi hiyo ingali hai hata leo katika milima yote ya Afrika Mashariki, kutoka Usambara hadi Kilimanjaro na nyanda za juu za Kenya.

Katika sheria za kimila, kadhalika, miti ilikuwa na uzito ambao mgeni hawezi kuuona kwa macho. Mwenye ardhi milimani alipomwazima jirani kipande cha kulima, aliweza kumwachia alime mahindi, maharage na viazi msimu kwa msimu bila hofu. Lakini siku alipomwona anachimba shimo la mche, mgogoro ulianza, na mara nyingi uliishia mbele ya wazee. Mazao ya msimu huondoka na mwenyewe, ilhali mti wa kudumu hubaki ukishuhudia kwamba mtu huyu amekaa hapa. Hapo twaiona tena ile fikira ya pwani, lakini kwa ukali zaidi: pwani mti na ardhi viliweza kuwa na wenyewe wawili wakaishi kwa amani, na juu milimani, ambako ardhi ni finyu na imegawanywa kwa watoto hata ikawa vipande vya hatua chache, mti ukawa njia ya kuidai ardhi yenyewe. Kwa sababu hiyo mpeasi mmoja mkongwe, ambao matunda yake ya msimu huenda hayazidi thamani ya mbuzi mmoja, umeweza kugombaniwa na ndugu kwa miaka. Mberoshi mpakani ulitumika vilevile: safu iliyopandwa usiku wa jana husogea ikawa mpaka wa kesho, na wazee wa baraza waliijua hila hiyo vizuri.

Yale mambo ya matuta katika miaka ya 1950, ambapo serikali ililazimisha watu kuchimba matuta kuzuia mmomonyoko na watu wakakataa hata mpango ukaachwa kabla ya uhuru, yameandikwa na wengine. Hapa yatosha kusema kwamba yaliwaachia watu shaka kubwa juu ya kila mmea ulioletwa kwa amri. Baadaye, kuanzia 1981, mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, ulioendeshwa na Tanzania na Ujerumani kwa pamoja, ulipita kwa upole zaidi, ukipanda majani ya mifugo na miti katika mistari ya kukinga mteremko.

Sasa niseme juu ya maradhi, kwa maana ndiyo yaliyoniondolea imani ya kwamba mti wa koni wa kigeni hauna matata. Kuna aina ya mberoshi wa California uliopandwa kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya hata ukapatwa na donda la shina, gome likapasuka, utomvu ukachuruzika, mti ukakauka kutoka kileleni; ikabidi uachwe na nafasi yake ichukuliwe na ule wa Meksiko. Mpaina wa California ukaingiliwa na ukungu wa sindano mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, majani yakawa mekundu na kuanguka, na upandaji wake ukasimamishwa. Kisha, wakati watu walipodhani kwamba mberoshi wa Meksiko ndio salama, wakatokea vidukari wa miberoshi, walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Tanzania na Kenya katika miaka michache iliyofuata. Wakafyonza maji ya mti kutoka ndani, ua wote ukawa wa kahawia, na safu zilizopandwa kwa hadhi zikasimama zimekufa mbele ya nyumba. Wataalamu wakaleta nyigu wadogo mno wanaotaga mayai ndani ya vidukari hao, na madhara yakapungua. Mberoshi una udhaifu mwingine ambao mwenye bustani hujifunza kwa hasara: ukiukata ndani kupita mahali penye majani mabichi, tawi halichipui tena. Mpeasi na mplamu, ukiikata, hukushukuru kwa machipukizi mapya.

Miti ya matunda nayo imepata misiba yake. Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi, huharibu maembe ya pwani na fyulisi za milimani pia. Lakini msiba mkubwa kuliko nzi ni soko. Plamu zote za mlima huiva pamoja, katika majuma machache, wala haziwezi kungoja. Barabara ikiteleza kwa mvua, au mchuuzi wa mjini akikawia, akina mama huziuza kwa bei ya kuumiza moyo au humwaga ndoo nzima. Aghalabu mwanamume ndiye atajwaye kuwa mwenye mti, na mwanamke ndiye achumaye, abebaye kichwani na asimamaye juani kando ya njia, na fedha ile ndogo ndiyo inunuayo chumvi, sabuni na daftari. Kwa hiyo asemaye kwamba mti wa koni una faida kubwa zaidi kwa kuwa mbao zake huuzwa kwa maelfu kwa mara moja, husema kweli katika hesabu, lakini na atazame fedha hiyo huangukia mkono wa nani na baada ya miaka mingapi.

Nikiulizwa basi hukumu yangu kati ya miti hii miwili kwa ajili ya bustani, sitasita. Karibu na nyumba pawe pa mti wa matunda. Mpeasi hupukutisha majani wakati wa baridi, jua likaingia hadi mlangoni katika miezi ambayo watu wa Lushoto hulihitaji, kisha huvaa majani na kuleta kivuli wakati wa joto. Maua yake meupe huita nyuki. Mizizi yake haisumbui msingi wa nyumba ukipandwa kwa nafasi ya kiasi. Na huishi muda mrefu wa kutosha mjukuu kula matunda ya mti wa babu. Mberoshi mlangoni hutia nyumba unyevu na giza la kudumu, vijani vyake huziba michirizi ya bati na kuchafua maji ya tangi, na chini yake mboga hazistawi kwa ukosefu wa jua na kwa kuwa mizizi yake ya juujuu hunywa maji yote. Nimeiona nyumba moja ya misheni ambayo miberoshi iliyopandwa kwa mapenzi ilirefuka hata wenyewe wakawa hawalali usiku wa upepo.

Hata hivyo mti wa koni una haki yake katika kiwanja, na haki hiyo ni ya mpakani na ya juu ya mteremko. Hakuna mti wa matunda unaoweza kuukinga upepo wa Julai kama safu ya miti isiyopukutisha. Na mwenye mti wa mbao mpakani ana akiba ya kuezekea nyumba au kulipia ada ya shule pasipo kwenda kukopa. Lawama yangu ni kwamba kwa muda wa karibu karne moja tumeipa nafasi hiyo miti ya Meksiko na California peke yake, tukausahau mwangati, ambao ni mwenyeji, ambao nguzo yake hukataa mchwa, na ambao mbegu zake zingali zikiokotwa chini ya miti iliyosalia katika misitu ya juu. Watu husema unakawia. Ndiyo, unakawia, lakini wale watumishi wa bustani waliobebesha mipeasi ya kwanza walikuwa wakifanya kazi kwa ajili ya watu ambao hawakuzaliwa bado, na hatukuwahi kuwalaumu kwa subira yao.

Kwa hiyo namsihi kila ajengaye nyumba katika milima hii, awe mwenyeji wa Mlalo au mtumishi aliyehamishiwa Lushoto kutoka pwani, achimbe mashimo mawili kabla masika hayajaingia mwezi Machi: la kwanza mbele ya nyumba, kwa mche wa mpeasi uliobebeshwa na mkono unaoaminika, la pili mpakani, penye jua la kutosha na mbali na kisima, kwa mwangati, naye akubaliane kwanza na jirani yake juu ya mahali pa shimo hilo la pili, mbele ya mashahidi, kabla hajalitia jembe.